Mjane, Yatima na Kurasa Mbili Tupu

Ndugu msomaji, kabla sijahakiki kazi ya mtu yeyote inanipasa nikiri wizi. Nimepokea sifa isiyo yangu, nikashukuru, nikaondoka nayo, na imekaa kwangu miezi minane.

Mambo yalikuwa hivi. Mswada wangu wa riwaya, ule ambao wenzangu wa kijiweni wameusikia mpaka wameuchoka, ulifika kurasa 212. Nikaona basi, imetosha. Nikautia kwenye flashi, nikaenda steshenari ya jirani. Dada wa pale akaufungua kwenye kompyuta yake, akaniuliza swali moja tu: upande mmoja au pande mbili? Nikasema upande mmoja, maana nilitaka uonekane mnene. Shilingi 100 kila ukurasa. Nikamwachia kazi, mie nikaenda kutafuta hela ya baindingi.

Niliporudi jioni nikakuta vitabu viwili juu ya meza, kila kimoja na spairo yake na jalada lake la plastiki. Na hesabu ilikuwa ya kurasa 216. Moyoni nikasema huyu ananiibia.

"Dada, mbona viwili?"

"Kwani si viwili, kaka? Hapa katikati pana karatasi nyeupe. Nikajua kimoja kimeishia hapa, hiki kingine kinaanzia hapa."

Baindingi alishaimaliza, na giza lilikuwa linaingia. Nikalipa.

Kesho yake nikampelekea rafiki yangu mmoja, msomaji mkali, mtu ambaye kusifia kitu huwa kunamtoka kama jino. Nikampa vyote viwili kwenye bahasha ya kaki. Siku ya tatu akanirudishia cha kwanza peke yake. "Kaka, hapa umeua," akaniambia. "Huo mwisho! Zuhura anatoka, anauacha mlango wazi, halafu kimya. Karatasi mbili nyeupe. Nimekaa nazitazama kama mtu anayesubiri arudi. Hicho kingine nitakisoma nikipata nafasi."

Msomaji wangu, ule haukuwa mwisho. Ilikuwa sura ya tisa imeisha. Mbele yake kuna kurasa zaidi ya mia, na Zuhura anarudi kwenye sura ya kumi na moja, tena na mtoto.

"Asante," nikamjibu.

Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta, nikabonyeza kile kitufe cha kuonyesha alama zilizofichika, kile chenye herufi kama P iliyogeuziwa mgongo. Hapo nikauona ushenzi wangu mwenyewe. Chini ya sentensi ya mwisho ya sura ya tisa kulikuwa na enta kumi na moja, zimening'inia moja chini ya nyingine kama popo darini. Hizo zilikuwa za zamani. Nilizipiga wakati bado naandika kama mtu wa taipureta: nikitaka sura mpya ianzie juu ya ukurasa, nasukuma tu, enta, enta, enta, mpaka kichwa cha sura kivuke. Baadaye mtu akanifundisha kukata mswada kwa sehemu, na kwamba unaweza kuiagiza programu ianzishe kila sehemu kwenye ukurasa wa namba witiri, yaani upande wa kulia, kama vitabu vya watu wenye majina. Nikaweka amri hiyo kila mwisho wa sura. Ila zile enta sikuzifuta. Nani anafuta kitu asichokiona?

Kwenye kompyuta yangu hapakuwa na tatizo. Sura ya tisa iliishia nusu ya ukurasa wa 96, enta zikalala humo humo, na sura ya kumi ikaanza kwenye ukurasa wa 97. Lakini kompyuta ya steshenari haikuwa na fonti yangu. Programu ikikosa fonti uliyoitumia, inachukua nyingine badala yake, na kila fonti ina upana wake: maneno yaliyotosha mstari mmoja hayatoshi tena, neno la mwisho linasukumwa chini, aya inaongezeka mstari, ukurasa unafurika. Sura ya tisa ikashuka mpaka karibu na ukingo wa ukurasa wa 96. Enta zikakosa pa kulala, zikamwagikia ukurasa wa 97, ukawa ukurasa mzima usio na kitu ila namba yake chini. Kisha ile amri ya witiri ikaamka. Witiri inayofuata baada ya 97 ni 99, basi 98 ikaachwa tupu kabisa, hata namba haina. Ndivyo mwisho wangu mtukufu ulivyotungwa. Watunzi wake ni kitufe cha enta na fonti iliyokosekana.

(Sura ya kumi na nne nayo ilizaa kurasa mbili nyeupe kwa njia hiyo hiyo. Zile hazikusifiwa na mtu, na dada wa steshenari hakuzigundua, au alishachoka kubaindi. Ndizo zilizotimiza zile 216.)

Sasa utaniuliza, hayo yana uhusiano gani na uhakiki? Si ni mambo ya mafundi? Nami nilidhani hivyo. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikisoma miswada ya wenzangu wa kijiweni kwa jicho jingine, na nimeona kwamba kile kilichonipata kwa ajali wenzangu wanakifanya kwa makusudi, tena kwa majivuno. Kuna mwenzetu ambaye kila kifo katika hadithi zake kina ukurasa wake. Habari inakwenda, inakwenda, ghafla ukurasa mtupu wenye sentensi moja katikati: alikuwa amekufa. Katika mswada wa kurasa 80 nilihesabu vifo vitano vya namna hiyo. Cha kwanza kilinishtua. Cha tatu nilikiona kinakuja, maana ukurasa wa kabla yake ulikuwa umeanza kuwa mweupe chini. Cha tano nilikuwa nahesabu hela ya karatasi.

Mwingine anaficha jina la muuaji kwa kuhesabu mistari, ili jina liangukie ukurasa wa pili na msomaji alazimike kufunua. Aliponitumia kwa simu, sikuwa na cha kufunua. Simu inaonyesha maandishi kama maji ya mfereji: swali na jibu vilikuwa mbele ya macho yangu kwa pamoja, jina la muuaji limekaa vidole viwili chini ya swali. Hadithi nzima ilikuwa imeegemea kwenye kufunua ukurasa, na ukurasa wenyewe haukuwepo.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na sisi vijana. Tunadhani ukurasa ni wetu kwa sababu tunauona kwenye kioo ukiwa na kingo zake nne nyeupe. Lakini ukurasa ule ni ahadi ya kompyuta moja, fonti moja na saizi moja ya karatasi. Ukitoka A4 ukaingia A5, umekufa. Ukiongezewa nafasi kati ya mistari na mwalimu anayetaka kuandika masahihisho, umekufa. Hata jarida hili unalolishika, kwa kuwa limepigwa pini katikati, kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne. Makala ikizidi kwa mstari mmoja, ama mhariri anaubana ama anaongeza karatasi nzima. Hakuna mwandishi wa humu anayejua makala yake itakatikia wapi. Mimi sijui hii itakatikia wapi.

Je, tukate tamaa, tuandike tu, yakatike yanapokatika? La hasha. Na hapa naomba nikutambulishe kwa watu wawili wanaoishi ndani ya programu yako bila wewe kujua: mjane na yatima.

Wapiga chapa ndio waliowabatiza majina hayo. Yatima ni mstari wa kwanza wa aya uliobaki peke yake chini ya ukurasa, wenzake wote wamehamia ng'ambo. Mjane ni mstari wa mwisho wa aya uliovuka peke yake mpaka juu ya ukurasa mpya. Programu kama Word huwa na amri ya kuwazuia wote wawili, nayo inakuja imeshawashwa. Kwenye LibreOffice unaweza hata kusema ni mistari mingapi isiachwe, miwili au mitatu. Ndiyo maana wakati mwingine unaona ukurasa umeishia mstari mmoja kabla ya mwenzake na unadhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Imekataa kumwacha mtu peke yake.

Nakiri majina hayo yananichekesha kidogo. Mjane wa Ulaya labda hukaa peke yake juu ya ukurasa mweupe akitazama dirishani. Mjane wa kwetu hapewi nafasi hiyo. Hata arobaini haijafika, nyumba imejaa mashemeji wanaohesabu mabati. Kama wapiga chapa wangekuwa watu wa Manzese wangetafuta jina jingine.

Lakini tazama busara ya amri yenyewe. Haisemi "kata hapa". Inasema "hivi visitengane". Popote utakapokwenda, iwe A4, iwe A5, iwe fonti ya nani sijui, mistari hiyo miwili itasafiri pamoja. Ziko nyingine za ukoo huo: ya kuizuia aya nzima isikatwe, na ya kukiambia kichwa cha sura kisiachane na aya inayokifuata, ili kisije kikabaki chini ya ukurasa kama mgeni aliyeshushwa kituo siyo. Na kichwa chenyewe unaweza kukiagiza, ndani ya mtindo wake, kianzie ukurasa mpya siku zote; enta hata moja haihitajiki. Kila moja kati ya amri hizi inakuuliza swali ambalo ni la mtunzi kabisa: katika kazi yako, kipi ni mwili mmoja na kipi?

Kompyuta yenyewe hailijui jibu. Nitatoa mfano wa malenga wetu wa kijiweni, ambaye anatunga mashairi ya arudhi, mizani kumi na sita kila mshororo, nane huku na nane huku, mishororo minne kwa ubeti, na kituo kinachorudi kila ubeti. Kazi nzuri, inapendeza masikioni. Alipochapa mkusanyo wake, beti kadhaa zilikatika vibaya: mishororo mitatu chini ya ukurasa, na kile kituo, ambacho ndicho kamba ya shairi zima, kimerukia ukurasa wa pili peke yake. Akanijia juu. "Wewe si ulisema kompyuta inazuia mjane? Huyu ni nani?"

Tukafungua, tukaangalia. Kumbe kila mshororo alikuwa ameumaliza kwa enta. Kwa kompyuta, enta ni mwisho wa aya. Kwa hiyo haikuona ubeti wa mishororo minne, iliona aya nne za mstari mmoja mmoja, na aya ya mstari mmoja haina mjane wala yatima, imekamilika yenyewe. Malenga wetu alijua kwamba ubeti ni kitu kimoja, babu yake alijua, wasomaji wote tunajua. Ila hakuwa amemwambia yule mtumishi. Hata angeuandika ubeti kama aya moja, kwa kushusha mistari bila kufunga aya, amri ya kuzuia mjane ingeridhika na mgawanyo wa mishororo miwili kwa miwili, ambao kwa shairi la arudhi bado ni msiba. Ubeti unahitaji ile amri nyingine, ya kutokukatwa kabisa. Tulikaa nao mchana kutwa, ubeti kwa ubeti, mpaka tukagundua kwamba tungeweza kuuwekea mtindo mmoja na kumaliza kazi kwa dakika mbili. Yule bwana hakunisemesha mpaka magharibi.

Mazungumzo ya watu ndani ya riwaya yana ugumu wake. Mama anauliza chini ya ukurasa, "Hela ya karo iko wapi?" na mtoto anajibu juu ya ukurasa wa pili. Je, vifungwe pamoja? Mwanzoni nilifunga. Nikawa nafunga kila swali na jibu lake, kila jibu na swali linalofuata, mpaka sura nzima ikawa mnyororo mmoja, na programu ikaupuuza, ikakata ilipojisikia, kwa sababu kisichotosha ukurasa mmoja hakiwezi kukaa ukurasa mmoja. Ilinifundisha kuchagua. Sasa swali na jibu naviacha vitengane. Mtoto aliyekula karo anastahili ile nafasi ya karatasi kugeuka, ikitokea. Isipotokea, kimya chake nimekiweka kwenye sentensi: anakuna kisigino, anatazama jiko. Msomaji wa kwenye simu naye atakipata.

Najua kuna atakayesimama na kuniambia, mbona wakubwa waliuchezea ukurasa? Kweli, waliuchezea. Laurence Sterne wa Uingereza alitoa *Tristram Shandy* kwa mafungu kati ya mwaka 1759 na 1767, na mhusika wake Yorick anapokufa unakutana na ukurasa mweusi, wino mtupu. Mbele zaidi kuna ukurasa mweupe ambamo msomaji anaambiwa amchore mwenyewe mwanamke anayesimuliwa, na mwanamke huyo, kama utaamini, ni mjane. B. S. Johnson, naye Mwingereza, katika *Albert Angelo* ya mwaka 1964 alitoboa tundu kwenye karatasi ili msomaji achungulie jambo ambalo bado hajalifikia. Mwaka 1969 akatoa *The Unfortunates*, ambayo ni sanduku lenye vipande 27 visivyoshonwa. Cha kwanza na cha mwisho vimewekewa alama, 25 vilivyobaki unavichanganya upendavyo. Inahusu rafiki yake aliyekufa kwa saratani, na kumbukumbu za msiba haziji kwa mpangilio wa namba.

Nawaheshimu wote wawili. Lakini angalia walichokifanya. Hawakutegemea ukurasa ukatike mahali fulani kwa bahati njema. Wino mweusi ni mweusi kwenye A4 na kwenye A5. Tundu ni kitu cha mkasi, sanduku ni kitu cha gundi; walikwenda mpaka kiwandani kuhakikisha. Na kila kimoja kilifanyika mara chache, mahali ambapo maneno yalikuwa yamegoma. Yule mwenzetu wa vifo vitano hana mkasi, ana enta. Akitaka kuuchezea ukurasa kama Sterne, basi akabidhi PDF yenye fonti zake ndani, alipe karatasi, na asife zaidi ya mtu mmoja.

Kinyume chao yuko Jack Kerouac wa Marekani, ambaye Aprili 1951 aliunganisha karatasi zikawa mkunjo mmoja wa karibu mita 36, akauingiza kwenye taipureta, akaandika *On the Road* kwa muda wa wiki tatu bila kusimama kubadilisha karatasi wala kugawa aya. Huyo alitaka mto. Na bado kitabu kilipotoka mwaka 1957 kilitoka na kurasa na aya kama vitabu vingine, na mwendo wake haukufa, kwa sababu mwendo ulikuwa kwenye sentensi. Kwetu, nadhani Kezilahabi alilijua hilo. *Nagona* ya mwaka 1990 ni kitabu chembamba kinachokata mtiririko wa hadithi ovyo kabisa, unatupwa huku na kule kama ndotoni, lakini kutupwa kwenyewe kumo ndani ya maneno. Umsomee mtu kwa sauti gizani, asiione karatasi, atatupwa vile vile.

Shangazi yangu alikuwa katibu muhtasi enzi za taipureta. Nilipomweleza kisa changu alicheka, akasema wao walikuwa wakiweka alama ndogo ya penseli karibu na chini ya karatasi kabla ya kuiingiza kwenye mashine, ili wajue mistari inakaribia kwisha. "Ukiiona penseli, unaanza kufikiri," alisema. Anafikiri nini? Kama aya imebaki mistari miwili, aimalizie. Kama barua imebaki "Wako mtiifu" tu, arudi nyuma abebe na sentensi moja, sahihi ya bosi isiende peke yake ukurasa wa pili. Waandishi wa vitabu vya mkono vya Kiarabu, na wapiga chapa wa Ulaya wa karne zilizopita, walikuwa na uungwana mwingine: chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, kama mkimbiaji anayemkabidhi mwenzake kijiti. Msomaji alivuka akiwa ameshikwa mkono.

Na katika kompyuta ninayoipenda kuliko zote ni amri ya WordStar, programu iliyotoka mwaka 1978, ambayo George R. R. Martin alisema mwaka 2014 kwamba bado anaandikia toleo lake la 4.0 kwenye mashine isiyo na intaneti. Humo unaandika nukta, herufi mbili na namba, na maana yake ni hii: kama hapa chini imebaki mistari pungufu ya mitano, hamia ukurasa mpya, kama imebaki ya kutosha, endelea, sijali. Mstari mzima wa sheria, na neno muhimu ndani yake ni "kama". Hiyo ni penseli ya shangazi. Enta zangu kumi na moja hazikuwa na "kama" ndani yake.

Basi nikaurudia mswada wangu. Nilifuta enta 340 na ushei. Niliondoa ile amri ya witiri, maana kuanzia upande wa kulia kulikuwa kiburi tu, mswada wenyewe umechapwa upande mmoja. Kisha nikafanya jambo la hatari: nikaiacha sura ya kumi ianzie pale pale inapoishia ya tisa, mistari mitatu chini, bila ukurasa mpya. Nilitaka kujua kama ule mwisho uliosifiwa ulikuwa kwenye sentensi yangu au kwenye karatasi.

Jumamosi iliyopita nikausoma kijiweni kwa sauti. Tulikuwa saba, na yule rafiki yangu msomaji alikuwepo. Nilipofika pale Zuhura anapouacha mlango wazi sikutua. Nikavuta pumzi ya kawaida nikaingia sura ya kumi. Hakuna aliyestuka. Mmoja alikuwa anajaza chai. Kumbe ule mwisho ulikuwa wa karatasi, sentensi yangu ilikuwa mlango tu. Hilo liliniuma, lakini lililofuata liliniuma zaidi: nikiwa nasoma niliisikia sura ya kumi kwa masikio yangu, na kurasa zake nne za mwanzo zilikuwa zinamweleza msomaji kwa nini mlango umeachwa wazi, kwa maana ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Yule rafiki yangu hakuwa amezisoma hizo nne. Pengine ndiyo maana aliupenda mlango.

Aliinua mkono katikati ya ukurasa wa pili. "Ngoja kwanza. Hii si ndiyo ile riwaya iliyoisha?"

Nikaeleza yote mbele ya watu: steshenari, fonti, popo, witiri, na "asante" yangu. Hakusema neno. Aliomba kile kitabu cha kwanza, nami nilikuwa nacho kwenye mkoba, akafunua mpaka mwisho, akaiweka juu ile karatasi tupu yenye namba 97.

"Namba niliiona," alisema. "Nikadhani umeiacha makusudi."

Wenzetu walicheka. Yeye akaigeuza ile karatasi, akatazama na nyuma yake, kisha akakifunga kitabu. "Sasa hicho cha pili bado kiko kwangu. Nikisome au nisikisome?"

"Kisome," nikamwambia. "Ila anzia ukurasa wa 103."